Gona Mwambire na Duka la Sarafu Asizotaka Kuuza

Baada ya miaka thelathini na minne katika Hoteli ya Mwamba Mweupe, hapa Malindi, Bwana Gona Mwambire anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025. Aliingia mwaka 1991 akiwa mbeba mizigo, akapanda hadi karani wa mapokezi, na mwisho akawa mkuu wa idara. Wageni wanaorudi mwaka hadi mwaka humuulizia yeye kwanza, ndipo waulize chumba.

Lakini sisi tuliofanya kazi naye twajua kwamba mwili wa Gona ulikuwa mapokezi, roho yake ilikuwa kwenye sarafu. Mgeni akimwaga mezani vijisarafu vya kwao huku akitafuta kalamu mfukoni, Gona alizama. Siku moja alizama hata akampa bwana mmoja wa Kiitaliano ufunguo wa chumba cha mgeni mwingine, aliyekuwa anaoga. Kelele zilifika jikoni. Jioni wageni wale wawili walikula meza moja, na Gona akapata onyo kutoka kwa meneja na sarafu kutoka kwa Mtaliano.

Ugonjwa huu ulimshika utotoni. Kwao ni Gede, na kila Jumamosi babake, Mzee Mwambire, alikuwa akileta nazi sokoni Malindi, mtoto akiwa amekaa juu ya magunia. Nazi zikishapangwa, Gona aliruhusiwa kuzurura mpaka saa ya kurudi. Alishika vichochoro vya mji wa kale moja kwa moja hadi dukani kwa Mzee Hilal, sonara aliyekuwa akiuza pia sarafu za zamani.

Amenisimulia duka lile mara nyingi, zamu za mchana hoteli ikiwa kimya, hata najiona kama niliwahi kuingia. Ukitoka juani, giza lilikufunika macho kwanza. Kisha ikaja harufu ya udi, kisha mwanga mmoja mwembamba kutoka dirisha la juu, ukitua kwenye kisanduku cha kioo. Mle ndani rupia, riale, pesa za Zanzibar na senti zenye tundu zililala juu ya kitambaa chekundu. Mzee Hilal hakumruhusu mtu kugusa kitu kabla hajanawa mikono na kuketi kwenye kigoda. Sarafu ilishikwa kwa ukingo, ikaangushwa taratibu juu ya kipande cha marumaru, na wote wawili wakanyamaza kuusikiliza mlio. Gona anasema mpaka leo kwamba mlio wa fedha halisi hauishi, unaondoka tu kwenda mahali pengine.

Malipo yake yalikuwa nazi, mbili kwa sarafu moja. Mzee Mwambire alijua vizuri kwa nini nazi zake zinapungua, na hakusema neno. Gona aligundua hilo akiwa mtu mzima mwenye watoto.

Safari moja alipata rupia iliyokuwa nyeusi tititi. Akaenda nayo nyumbani, akaisugua kwa majivu na ndimu kama mamake alivyosugua sufuria za harusi, mpaka ikang'aa. Jumamosi iliyofuata akairudisha kwa Mzee Hilal, kifua mbele, aone kazi. Mzee akaigeuza, akaigeuza tena, akitafuta maandishi.

"Ewe mwanangu," akasema, "umeiosha hata imesahau jina lake."

Kisha akampa kashata, kwa sababu mtoto alikuwa ameshaanza kulia.

Hapa kazini Gona hakuacha kukusanya. Mwaka 2002, lira ya Italia ilipokoma kutumika, wahudumu wetu wengi walikuwa na makopo ya sarafu za bakshishi ambazo tangu hapo benki hazikuzipokea. Gona aliyachukua makopo yote, akawalipia wenyewe chai na mahamri kwa mwezi mzima. Tulimcheka sana. Na hoteli ilipofungwa mwaka 2020, yeye ndiye aliyekuwa akija bila kuitwa kufungua madirisha ili vyumba vipate hewa. Siku tuliporudi kazini, hakukuwa na hata harufu ya ukungu.

Tangu utoto ametaka jambo moja, nalo ni kuwa na duka lake mwenyewe la sarafu. Septemba alikodi chumba kidogo mji wa kale, akaweka kisanduku cha kioo, kigoda na marumaru, akawa anafungua siku zake za mapumziko. Mkewe, Bi Everlyne, alikubali kwa sharti moja. Krismasi ikifika hajauza kitu, chumba kinageuka jiko la mahamri yake, na hakuna rufaa.

Mpaka leo hajauza hata moja. Mimi mwenyewe nilikwenda, nikachagua senti yenye tundu, nikatoa hela. Gona akaanza kuifunga karatasini, kisha mkono ukasita.

"Hii bado, Bi Kamaria," akaniambia. "Niwie radhi. Njoo wiki ijayo."

Wiki iliyofuata ilikuwa bado. Kwa chakula na michango Gona hana choyo, lakini kwenye sarafu ni mkono wa birika. Nikakasirika, nikamuuliza duka gani hili. Akanieleza kuwa senti ile aliipata siku ambayo nazi ziliisha mapema, na babake akamnunulia kofia, wakarudi Gede wakiimba njia nzima. Zile lira hakuzileta dukani; kila sarafu pale ndani ni Jumamosi moja na babake, na Mzee Mwambire amekwisha kufariki. Nilirudi hotelini nikilia, wenzangu wakadhani nimefukuzwa kazi.

Ndiyo maana, Bwana Gona, huoni saa ya ukutani wala seti ya vikombe kwenye meza ya zawadi. Keki ikishakatwa, sote tunakuja dukani kwako, idara kwa idara, wapishi mbele. Kila mmoja atanawa, ataketi, na wewe utamsimulia Jumamosi ya sarafu aliyoichagua. Hatutaomba kupunguziwa. Tutakwenda nazo majumbani, na watoto wetu wakiuliza, tutawaambia habari za Mzee Mwambire na nazi zake, kama ulivyotuambia. Hutabaki wewe peke yako unayemkumbuka.

Ahsante kwa miaka yote uliyotupa. Twakutakia maisha mema wewe na Bi Everlyne, afya, na wateja wengi. Nasi leo tukinyoosha mkono kupokea, Bwana Gona, achilia.

Kamaria Mahmood, Idara ya Mapokezi