Kaskazini Iliyoongezwa

Enyi walimwengu, leo asubuhi serikali yetu imelitambua rasmi taifa jipya! Mimi habari hiyo ilinikuta ndani ya treni, nikijifanya nakoroma.

Mshonaji aliyeketi pembeni yangu alikuwa amekunjua kitambaa cha kumkaribisha balozi wa taifa hilo, jina lake limetariziwa juu yake. Mzee wa mbele yetu, mzaliwa wa nchi hiyo, akalisoma jina, akabaki mdomo wazi. "Binti yangu, hilo 'Kaskazini' limetoka wapi?"

"Ndivyo mlivyotambuliwa, baba. Jirani yenu ana mkoa wenye jina lenu, akagoma mlitumie hivyo hivyo."

"Yaani mmekuja kumwona mtoto wa watu, mkampachika na jina?"

Darasani kwetu wako wawili wenye jina moja, na hakuna aliyeitwa Kaskazini.

"Bila neno hilo, balozi wenu hapokelewi."

"Tumezika watu kwa ajili ya jina letu, mwanangu. Fumua."

"Nikifumua leo, kesho hamna nchi."

"Basi nitafumua mwenyewe. Nipe mkasi."

Mshonaji akapapasa kitini alipouweka, akakosa. Treni ikasimama. Wote wawili wakanigeukia, na mkoromo ukanikwama kooni.

"Shikamooni," nikasema. "Mkasi nimeukalia."