Kamati Iliyonichagulia Jeshi

Bwana asifiwe! Hapana, hiyo ni sauti ya watu waliokunywa uji baridi. Bwana asifiwe! Haya, sasa mmeamka.

Ndugu zangu, kwa wageni, mimi naitwa Akinyi, fundi wa nguo hapo Nyamasaria. Hizo sare ambazo kwaya imevaa leo ni mkono wangu, na ile moja inayobana si makosa yangu, mwenyewe alinenepa. Nimesimama kushuhudia vile Mungu amenitoa kifungoni. Sikufungwa na pombe. Sikurogwa na mtu. Mimi nilifungwa na kuuliza watu. Mnacheka? Chekeni tu. Wengine wenu mlikuwa kwa ile kamati, na leo nitawasema.

Nikitaka kununua sufuria, nauliza majirani watatu. Nikitaka kusuka nywele, nauliza saluni nzima, halafu narudi nyumbani na kitambaa kichwani kwa sababu hawakukubaliana. Wanaume wawili walinitaka ndoa, nikaomba ushauri mpaka wote wakaoa wengine. Mmoja anaimba besi hapa hapa. Simtaji. Naye aangalie mbele.

Kazini mteja ndiye anachagua kitambaa, mteja anachagua mkono mrefu au mfupi, mimi nakata. Miaka ishirini nakata vile watu wanataka. Nilidhani huo ni unyenyekevu. Ndugu zangu, ule haukuwa unyenyekevu, ulikuwa woga umevaa gauni la kanisa!

Sasa mwaka jana mama yangu alilala. Mlikuja matanga Muhoroni, mlitusaidia, Mungu awabariki. Lakini nyinyi mlirudi, Baba akabaki. Mnamjua Mzee Ogola, dereva wa trekta za miwa maisha yake yote, mtu wa maneno. Alikuwa akianza hadithi asubuhi, mwisho unausikia jioni. Baada ya mazishi akanyamaza. Kila Jumamosi nilikuwa naenda kumpikia. Anakula vijiko viwili, anasukuma sahani, anaangalia mlango. Mimi naongea peke yangu kama redio. Niliogopa, jameni. Nilijua tukiendelea hivyo tutachimba kaburi la pili kando ya lile la kwanza.

Ndipo ndugu yangu Odhiambo, anayefanya kazi Nakuru, akaja likizo na sanduku. Ndani yake kuna wanajeshi wadogo wa plastiki, urefu wa kidole gumba. Unawaunganisha na gundi, unawapaka rangi, unawapanga mezani, mnapigana kwa dadu. Ni vita, lakini ya mezani. Nilimwangalia Odhiambo nikasema moyoni, huyu amekula nini huko Nakuru? Baba yetu amefiwa, yeye anamletea vitu vya watoto!

Lakini Baba akachukua mmoja, akamgeuza, akauliza, "Huyu anafanya nini?" Ndugu zangu, lile lilikuwa swali lake la kwanza tangu mazishi. Nilienda jikoni nikalia kwa sufuria ya omena.

Majeshi yalikuwa manne. Kuna Watu wa Nuru, wana mabawa na dhahabu. Kuna Watu wa Chuma. Kuna Wafu, mifupa mitupu na panga. Halafu kuna Watu wa Matope, wanaishi kwenye bwawa. Kila jeshi lina viongozi kadhaa, unachukua mmoja tu. Odhiambo akasema ni rahisi, chukua jeshi ambalo macho yako yanapenda, kwa sababu utalipaka rangi wiki nyingi, halafu chukua kiongozi wa tabia yako. Baba alichagua kabla chai haijapoa. Alichukua Wafu. Kiongozi wake ni mfupa mrefu amevaa taji lililopinda.

Odhiambo akarudi kazini. Kabla aondoke akaniachia sanduku na majeshi yaliyobaki, akaniambia, "Akinyi, Mzee hana mtu wa kucheza naye ila wewe. Chagua wako, Jumamosi ijayo mcheze."

Jumamosi ijayo! Ilinichukua miezi minne.

Niliuliza wateja. Mama anayeniletea samaki kutoka Dunga akasema chukua wa bwawa, maji hayana mjinga. Wa pikipiki akasema chuma, chuma ni chuma. Nikauliza kwenye simu, huko ndiko nilipotea kabisa. Mtu mmoja anaandika, anza na Nuru, ni rahisi kwa mgeni. Anayefuata anaandika, ukianza na Nuru utajuta. Wa tatu anawatukana wote wawili. Kwani hawa watu hawana kazi? Kila Jumamosi Baba ananiuliza, "Wako wako tayari?" Na mimi, "Bado, Baba." Anainamisha kichwa, anaendelea kupaka mifupa yake rangi nyeupe.

Sasa sikieni ujinga wangu. Nikapeleka hilo jambo kwa ushirika wa akina mama. Mama Nereah yuko pale mbele, mwenyekiti wetu, nimeomba ruhusa yake, akanipa, sijui kama bado anakumbuka. Nikasema, akina mama, nisaidieni kuchagua jeshi la kucheza na baba yangu. Mama Nereah akauliza, "Na Mzee amechukua gani?" Nikajibu, Wafu.

Mungu wangu! Ungedhani nimesema Mzee anafuga chui. Watu wakaweka mikono vichwani. Wakasema jochiende, mashetani, wameingia kwa ile boma. Na sisi tunavyojijua, hatuwezi kukutana na shida bila kuipigia kura. Papo hapo ikaundwa kamati ya watu tisa. Ina mwenyekiti, ina katibu, ina mweka hazina wa hazina ambayo haipo. Kamati ya kuchagua wanajeshi wa plastiki! Wiki mbili wakajadili jeshi. Wiki mbili wakajadili kiongozi. Kikao kimoja kilivunjika kwa sababu mama mmoja alisema kiongozi mwanamke hawezi kuongoza malaika, wengine wakamuuliza hili kanisa anadhani linafagiliwa na nani. Wakafunga siku tatu. Mwishowe wakatoka na jibu, nichukue Watu wa Nuru, kiongozi awe yule wa mabawa makubwa, upanga juu. Na mimi nikasema asante! Nikapiga makofi!

Halafu wakawapaka mafuta ya upako. Wote ishirini na wawili. Hawakugusa paji la uso tu, hapana, waliwaogesha.

Nikaenda nyumbani nikachukua brashi. Ndugu zangu, rangi ikakataa kushika! Unapaka dhahabu, inajikunja, inateleza, inabaki tone kwenye goti. Plastiki yenye mafuta haishiki rangi, hata mtoto anajua, mimi fundi wa miaka ishirini sikujua. Nikawaosha mmoja mmoja kwa sabuni ya vyombo na mswaki. Mabawa matatu yalivunjika. Wiki tatu zimeenda, na Baba anangoja.

Basi ile Jumamosi ikafika. Nafika Muhoroni nakuta Baba amefagia, amesukuma kochi ukutani, amevaa shati lenye kola. Meza iko katikati. Mifupa imepangwa mstari kama gwaride. Akaniambia kwake kuna sheria moja tu, hakuna kiongozi anaingia vitani bila pakruok. Kwa wale ambao si Wajaluo, pakruok ni kule kujisifu tunakofanya muziki ukisimamishwa. Unasimama unajitaja, unataja kwenu, unataja ulichofanya, watu wanajua ni nani ameingia.

Akasimama. "Mimi Ogola, mwanaume wa trekta! Niliyevuta trela tatu za miwa kwenye matope ya masika, wenye lori wamelala barabarani! Nikipiga honi, kiwanda kinachemsha maji!" Ndugu zangu, sauti ile! Sauti ya baba yangu, nzima, kama hakuna kilichotokea. Nikasema asante Yesu, amerudi.

Zamu yangu. Nikainua kiongozi wangu wa mabawa. Nikafungua mdomo. Nitasema nini? Sikumpenda. Sikumchagua. Nikasema, "Huyu ni… kamati ilipendekeza…"

Baba akauliza, "Kamati gani?"

Hapo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini mimi nilikuwa na karatasi kwa mkoba, kamati ilinipa niisome kabla ya kucheza, na mimi nikiambiwa soma, nasoma. Nikaisoma yote. Kwamba jeshi la Nuru limekuja kukemea wafu wa nyumba hii, watoke, wasirudi tena. Nilimsomea hivyo mzee aliyezika mke wake, ndani ya nyumba ya mke wake.

Baba hakupiga kelele. Alianza kurudisha mifupa kwenye sanduku lake dogo, mmoja mmoja, polepole. Akasema, "Nyara, mimi nilitaka kucheza na wewe. Sikutaka kucheza na Mama Nereah." Nyara kwa Kijaluo maana yake "binti yangu". Halafu akasema, "Niliwachukua hawa kwa sababu kitabu cha mchezo kinasema wakianguka, mmoja wao anaweza kuamka tena. Nilitaka tu kuona mtu anaamka."

Akaweka sanduku juu ya kabati. Akaenda kulala, saa tisa mchana.

Sisi tunaimba kila Pasaka juu ya kufufuka, tunarukaruka mpaka viti vinavunjika, halafu tunamwandikia mzee barua ya kumkemea kwa sababu anataka kuona mtu akiamka! Nilijikasirikia. Nikawakasirikia nyinyi pia, na sitaomba msamaha mpaka nimalize.

Jumamosi mbili zilizofuata alirudi kwenye vijiko viwili. Akinijibu, ananijibu kwa kichwa. Niliona kaburi la pili, ndugu zangu, niliona mpaka mahali jembe litaanzia.

Jumatatu moja asubuhi nilifunga mlango wa duka nikapiga magoti kando ya cherehani. Nikalia, Bwana, niambie nichague nani! Nikangoja. Kimya. Nikalia tena, Bwana, hata ishara! Kimya kabisa, nasikia tu kuku wa jirani. Nikamkasirikia Mungu, nasema ukweli, nikamwambia wewe pia? Na hapo ndipo jambo likanipiga kifuani. Akinyi, unauliza tena! Hata Mungu nilikuwa nimemfanya mwanakamati! Amenipa macho, amenipa mikono, amenipa baba aliye hai, na mimi bado naomba miniti za kikao.

Nikasimama. Nikafuta magoti. Nikafungua lile sanduku la Odhiambo, nikatazama picha zote, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Nilichukua Watu wa Matope. Kiongozi wao ni mwanamke mnene amekaa juu ya kobe, mdomo wazi, anaonekana anagombana na mtu ambaye hayuko kwa picha. Nilimtazama nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kitabu kinasema mgeni asianze naye, ni mgumu. Nikafunga kitabu. Simu ikalia, ni Mama Nereah, nikaiacha ilie. Nikampaka gauni la zambarau, kobe nikampaka maua ya kitenge, na sikumuuliza mtu yeyote hapa duniani kama zambarau inaendana na kijani. Haiendani! Haleluya!

Jumamosi nikaenda. Baba amekaa kwa kochi, amenipa mgongo. Nikavuta meza mwenyewe, nikapanga watu wangu wa matope, nikatandaza tepu yangu ya kushonea ya kupimia hatua. Nikasimama katikati ya nyumba. Nikapaaza sauti.

"Mimi Akinyi, binti wa Ogola! Fundi wa Nyamasaria! Ninayevalisha kwaya na bado wanaimba vibaya! Nimekuja na mama wa kobe, nimemchagua mwenyewe, sikutumwa na mtu! Mwenye mifupa ajitokeze!"

Nikadhani nimeharibu tena.

Baba akasema bila kugeuka, "Nani alikufundisha kujisifu bila kumtaja mama yako?"

Ndugu zangu, tangu mazishi hakuna mtu alikuwa amelitaja jina la Mama ndani ya ile nyumba. Mimi niliogopa kumuumiza yeye, yeye aliogopa kuniumiza mimi. Nikaanza upya. "Mimi Akinyi, mtoto wa Aluoch, nyar Nyakach, binti wa kule Nyakach…" na sauti ikakatika. Baba akageuka, machozi yanashuka kwa kola, akaimalizia mwenyewe: "Aluoch nyar Nyakach! Aliyegomba mpaka trekta ikawaka!" Akacheka. Nikacheka. Akaenda kwa kabati akatoa sanduku.

Tulicheza mchana wote. Alinipiga vibaya, sitaki kuficha, mama wangu wa kobe aliondoka mezani mapema. Kila nikiangusha mfupa, Baba anarusha dadu, anaruka kwa kiti, anapiga kelele, "Ameamka! Akinyi, tazama, ameamka!" Majirani wakaja mlangoni wakidhani tuna mgonjwa. Jioni nikasonga ugali. Akamaliza sahani. Akaisukuma tena kwangu, nikafa moyo, kumbe anataka nimuongeze.

Namshukuru Mungu, asante kwa kunyamaza ile asubuhi! Angenijibu, ningerudi kuuliza kama nimesikia vizuri. Na wewe uliyekaa hapo na jambo lako moyoni, ushazungusha kanisa lote kutafuta ushauri, mwamini yeye aliyekupa mikono. Inyooshe. Ukikosea, utakosea kama mtu aliye hai, na yeye atakuwa hapo.

Lakini msinifuate nje baada ya ibada kuniuliza. Mama Nereah ameshaanza, alinishika hapo mlangoni asubuhi ananiuliza, ati yeye achukue jeshi gani. Mama, mimi nimekusamehe na wewe unisamehe, ila hilo sitakujibu! Baba anasema meza ina nafasi Jumamosi saa nane. Kuja uchague mwenyewe, acha mafuta nyumbani, na ukisimama kujisifu, anza na mama yako.