Komeo Liko Nje

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu mwalimu mkuu, walimu, wazazi wenzangu, na nyinyi wanangu mliokalishwa juani ili sisi wakubwa tupate kivuli: nawasalimu wote kwa heshima.

Kwanza naomba radhi kwa kuichelewesha hotuba. Mwalimu mkuu alitaka hotuba hii imfikie wiki mbili kabla, ili aipitie. Lakini nina mtoto mchanga, nina sare za shule za kushona, na kila nilipoishika kalamu usingizi ulinishika mimi. Nimeimaliza asubuhi hii, maji ya chai yakichemka. Kwa hiyo haijapitiwa. Mtanisamehe.

Nimeombwa nitoe shukrani za wazazi kwa chumba hiki kipya cha watoto wenye ulemavu. Chumba ni kizuri, sikatai. Rangi inang'aa, na utepe umefungwa kwa ufundi. Lakini mimi ni fundi cherehani, na fundi hasifu gauni kabla hajaligeuza akaona mishono. Tena aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Mimi niliumwa katika shule hii hii, kwa kalamu.

Binti yangu wa darasa la nne hasikii vizuri. Wenzake humwita Redio kwa vile huongea kwa sauti ya juu, naye jina amelipenda. Mwaka jana niliitwa kwenye kikao cha kumjadili. Nikapewa chai, nikaitwa "mama yetu", kisha ikazungushwa karatasi.

"Saini hapa, mama. Ni mahudhurio tu."

Nikasaini. Siku ya tisa Redio akatolewa darasani, akawa anakaa stoo na mafagio na ndoo. Nikaja mbio, tumbo mbele.

"Mama, si ulikubali mwenyewe?" karani akaniambia. "Hii sahihi ya nani?"

Karatasi ya mahudhurio ilikuwa imebanwa kwa pini nyuma ya mpango wa kumhamisha, kana kwamba zilizaliwa mapacha.

Ndipo nilipoisoma sheria, kidole kikifuata mstari. Inasema mtoto mwenye ulemavu atasoma darasa moja na wenzake. Inasema hahamishwi mpaka mzazi ameelezwa, ameelewa na amekubali kwa maandishi. Kuhudhuria si kukubali, ndugu zangu. Anayehudhuria msiba ndiye aliyeua?

Nilipowasomea, wakamrudisha. "Kwa muda, mama, mpaka chumba kikamilike." Leo kimekamilika. Jumatatu, kikianza kutumika, je?

Nampongeza mwalimu wa hesabu. Redio alipomwambia, "Mwalimu, ubao unakusikia, mimi sikusikii," hakuomba chumba wala mfadhili. Aligeuka. Siku hizi huandika kwanza, kisha hugeuka akasema, midomo ikionekana. Na hata wenye masikio mazima wamepanda alama. Kugeuka kunahitaji bajeti gani?

Basi leo nimewahi. Mlipokuwa mnapanga viti, nilikizunguka chumba. Madarasa mengine yana vitasa vinavyofunguka pande zote mbili. Hiki peke yake kina komeo, na komeo liko nje. Mheshimiwa, stoo hufungwa kwa nje ili vitu visiibiwe. Watoto wafungiwe kwa nje ili iweje? Labda fundi alikosea. Natamani sana iwe hivyo.

Na pale getini nimeletewa karatasi ya mahudhurio. Sikusaini. Mmeniona, inatosha.

Kama ni chumba cha mtoto kusaidiwa saa moja kisha arudi kwa wenzake, mapazia nitayashona mwenyewe. Kama ni cha kuwafichia, utepe huo msiukate kwa jina langu.

Nashukuru mmenisikiliza, hata mliokuwa mnatazama viatu vyenu. Kabla ya Jumatatu naomba niletewe nyumbani: nakala ya mpango wa binti yangu, kurasa zote; ile karatasi ya mahudhurio ya mwaka jana, ikiwa peke yake, bila pini; barua yenye mhuri kwamba Redio atakaa dawati la mbele, darasa la nne; na komeo lile, pamoja na skrubu zake nne.