Mwalimu Elinaza Sifael, Aliyewaita Wapagazi kwa Pembe

Mchungaji, wazee wetu, akina mama na majirani mliopanda hadi hapa Mbaga, mimi Frederick, mjukuu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya bibi yetu, Mwalimu Elinaza Sifael.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa hapa Mbaga, mtoto wa tatu wa mzee Sifael Eliezeri, akasoma shule ya msingi kuanzia 1957 hadi 1964, kisha Chuo cha Ualimu Korogwe, alikohitimu 1967, akafundisha Kihurio na baadaye Kisiwani, hadi alipostaafu mwaka 2009.

Tarehe 18 Desemba 1971 alifunga ndoa na babu yetu Hezroni, wakajaliwa watoto wanne, na babu alipofariki mwaka 2003, marehemu aliishika nyumba peke yake, bila kulegea.

Babu yake mzaa baba, Eliezeri, alichukuliwa mwaka 1916, katika vita vya Wajerumani na Waingereza, akatwishwa mzigo wa jeshi, akashuka nao kuelekea Kisiwani, asirudi, na kaburi lake hatulijui. Marehemu alisema mtu aliyekosa kaburi asikose na siku, hivyo mwaka 2016 akaamua safari ile iigizwe.

Mwaka wa kwanza ulimshinda. Alituma kadi, kama za harusi, watu wakaja wamependeza, wakakaa kwenye viti wakisubiri pilau, na vijana wote wakataka kuwa askari wenye bunduki za mbao, upagazi ukakosa mtu. Dada yake, bibi Eliaichi, alimwambia, "Mwalimu, umealika wageni, sasa nani abebe?"

Mwaka uliofuata aliacha kadi, akapigisha pembe ya msaragambo, ile inayotuita kuchimba mfereji na kutengeneza barabara, na kwa kuwa Mpare aliyeitwa kwa pembe haji mikono mitupu wala haketi, watu walikuja na kamba na ngata, wakajitwika magunia ya mchanga, wakashuka naye hadi tambarare.

Huko Kisiwani wafugaji waliungana nao, maana mababu zao walinyang'anywa ng'ombe katika vita hivyohivyo, ila askari wetu wa kuigiza walipolikamata dume la mzee Lemomo, mzee aling'ang'ania kamba akisema, "Mwalimu, vita vya babu vilimaliza zizi, hivi vyako vimsamehe huyu." Tangu siku hiyo Lemomo hajakosa hata mwaka mmoja, na leo yuko nasi.

Februari mwaka huu alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa mjini Same mara mbili, na Jumanne tarehe 5 Agosti 2025, alfajiri, akatutoka.

Igizo la mwaka huu ni kesho. Jana ukoo ulikaa kuamua kama liahirishwe, baadhi wakaona ni aibu kuigiza vita juu ya msiba, ndipo bibi Eliaichi akawauliza kama yapo matanga makubwa kuliko haya ya wapagazi ambao hawakuwahi kuwekewa matanga, wakakubali. Pembe italia alfajiri, na watoto wa marehemu watatangulia na mizigo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliopokezana kumuuguza, walimu wenzake wa Kihurio na Kisiwani, na ndugu zetu wafugaji waliopanda mlima tangu juzi.

Pumzika kwa amani, bibi. Sisi kesho tunashuka.