Mama Meza na Wenye Kalamu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kila wiki mnaniletea habari za watu wenu mliowazika, nami nawasomea. Leo zamu imebisha hodi kwangu. Tunamkumbuka mke wangu.

Alikuwa karani katika ofisi ya wafanyakazi ya shirika la maji. Nasema tena, maana msibani wapo waliompandisha cheo: alikuwa karani. Hakuwahi kuwa meneja, wala hakupewa gari. Lakini mafundi bomba, madereva, wasoma mita na wafagizi walimpa jina, na jina la watu ni kubwa kuliko cheo. Walimwita Mama Meza.

Jina hilo lilianza hivi.

Zamani, ukitaka ruhusa pale, ombi lako lilianza kwa msimamizi. Msimamizi akiweka sahihi, tarishi alilipeleka masjala. Kutoka masjala likaenda kwa afisa, kutoka kwa afisa kwa mkuu wa idara, na kwa mkuu wa idara likalala. Mkuu yuko semina. Mkuu yuko kikaoni. Mkuu ametoka sasa hivi, mmepishana mlangoni.

Siku moja akaja mwendesha pampu. Alikuwa ameomba ruhusa akamzike mama yake. Mke wangu akampa karatasi yake kupitia dirishani, akamwambia, "Kaka, imepita."

Yule bwana akaitazama. Akasema, "Dada, tumeshazika. Ndugu zangu wamezika. Mimi nilikuwa nalinda pampu. Sasa hii nikamzike nani?"

Hakupiga kelele. Mke wangu alisema afadhali angepiga.

Aliporudi nyumbani hakuvua hata viatu. Akaniambia, "Baba watoto, mimi leo nimempa mtu karatasi ya kumtukana." Nikamwambia, "Kosa si lako, ni la wakubwa." Mimi ndivyo nilivyo, wasikilizaji, shule niliiona kupitia dirishani, lakini wakubwa nawajua. Akanijibu, "Wakubwa ni wao. Dirishani nilikuwa mimi."

Basi akaanza kuzifuata zile karatasi kwa miguu. Ombi likitoka, naye nyuma yake, mlango hadi mlango. Akagundua jambo moja. Hakuna aliyekuwa anakataa. Hakuna hata aliyekuwa anasoma sana. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aweke sahihi, na trei za karatasi mezani zinajaa. Akasema, "Karatasi haina miguu. Kalamu ina mtu. Basi mtu aje."

Akaenda kwa mkuu wa idara. Akamwomba kila Jumanne asubuhi wenye sahihi wote wakae meza moja, na mwenye ombi akae hapohapo. Karatasi izunguke mbele ya macho yake, atoke na jibu. Ikiwa ni hapana, aambiwe hapana, na aambiwe kwa nini.

Mkuu akacheka. "Unataka tukae mezani kama wacheza karata?"

Mke wangu akamwambia, "Bosi, afadhali karata. Kila mtu anajua ni zamu ya nani."

Afisa mmoja wa masjala, binti mcheshi aliyekuwa amesimama hapo, alicheka mpaka akajificha nyuma ya kabati. Lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kukaa. Akaja msimamizi wa pampu. Mkuu akaja mwisho, akachungulia, akaona watu wanatoka wanatabasamu, akavuta kiti.

Nataka mnisikie hapa, wasikilizaji wapendwa. Wale wakubwa hawakuogopa kazi. Waliogopa macho ya mtu. Kumnyima mtu kwa muhuri ni rahisi. Kumnyima yuko mbele yako, kashika kofia yake mkononi, hapo unatafuta sababu, na ukiikosa unasaini.

Na akaongeza jambo jingine. Kifo na ugonjwa visingoje Jumanne. Aliyepo aweke sahihi, wenzake wataarifiwe baadaye. Tangu hapo, muda wote alipokuwa kazini, hakuna mtu pale aliyekosa kumzika mzazi wake kwa sababu ya trei.

Dada yake mkubwa aliniambia, "Shemeji, huyu hakujifunzia ofisini. Tangu utoto ukimwomba chumvi, hakuambii ngoja nitazame. Anakuambia ipo, au haipo."

Meza ilipong'aa, ikapata baba wengi. Mkurugenzi alikwenda kuisimulia kwenye mkutano wa mashirika. Alisema "mfumo wetu", akapigiwa makofi, akarudi na ngao ya kioo. Nikachemka. Mke wangu akanituliza, "Acha atembee na ngao. Mradi Jumanne wenye kalamu wanakuja."

Kisha kifua kikamshika. Akalazwa, akatoka, akaambiwa aende hospitali ya rufaa, mbali, akae huko kwa matibabu. Akaandika ombi la likizo ya ugonjwa, maana bila karatasi hiyo shirika halilipii matibabu. Na kumbe, yeye alipokosekana, wakubwa nao waliacha kuja mezani. Mmoja alianza kuchelewa, wa pili akatuma mtu, wa tatu akasema kama wenzangu hawaji na mimi siji. Ile ya ugonjwa kutongoja, nayo wakaiacha. Trei zikarudi. Ombi la Mama Meza likaingia kwenye trei.

Nikaenda kuuliza. Katibu muhtasi akaniambia, "Baba, liko kwenye mchakato."

Nikamuuliza, "Mchakato ndiye nani? Anakaa chumba gani nikamsalimie?"

Akarudi kupanga faili zake. Si kosa lake.

Wiki zikaenda. Mafundi bomba walipopata habari hawakufanya fujo. Jumanne moja waliibeba ile meza, wakaiweka katikati ya korido, mbele ya mlango wa mkuu. Wakapanga viti. Wakasimama foleni. Yule mwendesha pampu niliyewasimulia alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na siku hiyo hakuwa na ombi lolote. Wakubwa wakatoka mmoja mmoja, wakakaa.

Mke wangu naye akaja, amemwegemea binti yetu. Akaenda kukaa mwisho wa foleni. Mkuu akanyanyuka, "Mama, tafadhali, njoo mbele."

Akasema, na pumzi ilikuwa ya shida, "Mbele yangu yuko dereva, na mbele yake yuko mfagizi. Mkianza na mimi kwa sababu ni mimi, meza hii imekwisha."

Akangoja. Zamu yake ikafika, wakasaini, akashukuru kama mtu mwingine yeyote. Binti yetu anasema, "Baba, nilitaka kulia, lakini nilijikuta nimenyoosha mgongo."

Tukaenda hospitali. Hakurudi.

Madaktari hawakuniambia kwamba zile wiki za kungoja zingemwokoa. Wala hawakuniambia kwamba zisingemwokoa. Hapo katikati ndipo ninapoishi mimi siku hizi. Wenye trei zenu, mjue hivyo.

Pole zimfikie mama mkwe wangu, aliyemzaa mtu. Pole kwa dada zake, kwa binti yetu na kwa kaka yake, kijana wetu. Pole kwa wote wa shirika la maji, wa mabomba, wa mita na wa fagio. Nami zenu nimezipokea, ahsanteni.

Na wewe unayesikiliza, jiulize: nani anangoja jibu lako leo? Si lazima uwe na ofisi. Hata nyumbani kuna trei. Kama ni ndiyo, mwambie. Kama ni hapana, mwambie huku unamwangalia.

Makaburini mkuu alisema marehemu ameacha pengo lisilozibika. Mfiwa hupewa pole, hapewi kipaza sauti. Leo ninacho. Mheshimiwa, pengo lile linazibika. Ni kiti cha karani. Tangu tumzike hamjamweka mtu, nanyi hamjakaa mezani, na hivi ninavyosema kuna msoma mita anaomba ruhusa akawe karibu na mkewe anapojifungua. Ombi liko kwenye mchakato. Mtoto hatangoja.

Mafundi wamenituma niwaambie kwamba Jumanne watakuwepo koridoni. Viti vyenu wameshavifuta vumbi.