Kiti cha Nyuma ya Dereva, Njia ya Tisa

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Ratiba inawatangazia wafanyakazi wote, abiria wote na yeyote atakayeguswa na jambo hili kwamba kuanzia Jumatatu ijayo, katika basi la saa moja na robo asubuhi la Njia ya Tisa, kiti cha nyuma ya dereva, upande wa dirishani, kitakuwa wazi. Anayekikalia anastaafu Ijumaa hii, baada ya kulitumikia shirika letu la mabasi kwa miaka thelathini na mmoja.

Jina lake lipo kwenye kitambulisho, lakini humu ndani hakuna anayelitumia. Vijana humwita Mzee Ratiba. Madereva humwita Mzee Ratiba. Mkewe naye, akikasirika, humwita hivyo hivyo. Asipokasirika humwita Baba Watoto, na tunaambiwa jina hilo la pili bado ni jipya kama lilivyotoka dukani.

Alianza kama karani wa stoo ya matairi, akahamishiwa kwetu kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri. Ratiba zote tunazozifahamu ni kazi yake. Alizipima mwenyewe, njia baada ya njia, ameketi nyuma ya dereva na saa mkononi. Kulikuwa na tatizo dogo tu. Siku za kazi shirika halikuwa na basi la akiba la kumwazima, kwa hiyo alikuwa akiazimwa siku za sikukuu. Barabara zilikuwa nyeupe. Taa zilimpokea kwa kijani, ungedhani zimearifiwa nani anapita. Basi la Njia ya Tisa liliondoka mtaani kwake saa moja na robo, likafika kwenye lango letu saa mbili kasoro dakika kumi, na dereva alikuwa ameshasimama njiani kununua gazeti. Akaandika. Ikapigwa chapa, ikabandikwa vituoni. Tangu siku hiyo mji mzima unachelewa.

Alipoulizwa kwa nini asiirekebishe, jibu lake lilikuwa moja: ratiba ni ahadi, na ahadi haibadilishwi kwa sababu aliyeahidiwa amechoka kungoja.

Tumpe haki yake, kwani wa kwanza kuumia alikuwa yeye. Kila asubuhi saa moja na robo yupo kituoni, koti limefungwa vifungo vyote. Basi likija saa moja na nusu, hulitazama kama baba anayetazama matokeo ya mtihani ya mwanawe, kisha hupanda. Wengi tulimshauri apande lile la kabla yake. Alituona watovu wa adabu. Mtu aliyeandika ratiba akipanda basi la mapema, si amejiita mwongo mbele ya abiria?

Na lifti ilikuwepo. Mkewe ni mwalimu, ana gari dogo jekundu, na shule yake iko mbele kidogo ya lango letu. Kila asubuhi alipita pale kituoni, akapiga honi, akashusha kioo: "Baba Watoto, ingia, acha ukaidi!" Abiria nao hawakukaa kimya: "Mzee ingia, au tuingie sisi!" Mzee Ratiba aliinua mkono kwa upole, akaendelea kuangalia upande ambao basi lilitarajiwa kutokea.

Mwalimu naye hakuwa anafika mbali. Kwenye mzunguko foleni ya magari ilimngoja, na baada ya foleni kulikuwa na kutafuta pa kuegesha. Siku nyingine basi lilimpita amekwama, na kupitia dirisha la nyuma ya dereva mkono ulionekana ukimpungia. Siku nyingine yeye ndiye aliyelipita basi, limefunguliwa boneti, moshi unatoka. Siku hizo hakupunga. Alipiga honi tu, ndefu. Kitinda mimba wao anasema chakula cha jioni siku kama hizo huliwa redio ikiwa imefunguliwa kwa sauti ya juu.

Mambo yalibadilika ilipowekwa mashine ya mahudhurio ya alama za vidole. Mkuu wetu mpya wa Utumishi, mama mwerevu asiye na mzaha, alitangaza kwamba kila atakayefika baada ya saa mbili ataonywa, na atakayefikisha onyo la nne ataondoka bila kiinua mgongo. Katika mwezi wa kwanza Mzee Ratiba alikuwa na maonyo matatu. Aliitwa kujieleza. Alisema basi lilichelewa. Mkuu akauliza, basi la nani? Akajibu: la kwetu.

Miaka yote ile sasa ilikuwa inategemea asubuhi moja. Jioni yake, mezani, alitangaza kwamba kesho atapanda gari.  Mwalimu alitoka nje akaliosha.

Alichokuwa hajui ni kwamba madereva wa Njia ya Tisa nao walikuwa wamefanya kikao chao gereji. Hawakuwa wakiipenda ratiba yake. Waliilaani kila siku, wengine kabla ya kunywa chai. Lakini katika miaka yote hiyo hakuwahi kumshtaki dereva hata mmoja. Kosa siku zote lilikuwa la barabara. Wakakubaliana kwamba kesho, hata ardhi ipasuke, basi litafika kwa wakati wake. Dereva akaacha chai. Kondakta akawa anavuta watu ndani kwa mikono: "Mama, leo hatungojani, leo kuna mtu anaokolewa!" Saa mbili kasoro dakika kumi, kwa mara ya kwanza tangu sikukuu ile, basi likasimama langoni. Kondakta akageuka kupokea shukrani. Kwenye kiti cha nyuma ya dereva kulikuwa na kapu la nyanya.

Wakati huo Mzee Ratiba alikuwa kwenye mzunguko, ndani ya gari jekundu linalong'aa, nyuma ya lori la mchanga. Walikuwa wamechelewa kutoka kwa sababu hajui kufunga mkanda wa gari. Alikuwa ameliona basi likiwapita. Mwalimu aliuliza kwa upole kabisa, "Lile si lako?" 

Alifika kwenye mashine saa mbili imeshapita, akakutana na mtu mwingine anayehema: Mkuu wa Utumishi, aliyekuwa kwenye foleni ile ile, magari machache nyuma yao. Walitazamana. Mzee Ratiba akasogea pembeni: "Tangulia wewe, mama." Mkuu akaweka kidole, mashine ikalia. Mzee akaweka chake, ikalia vile vile. Wakapanda ngazi pamoja, ikaagizwa chai, na onyo la nne halijaandikwa mpaka leo.

Kilichoandikwa ni ratiba mpya. Mzee Ratiba alikubali kupima upya, siku ya kazi, kwa sharti kwamba kiti chake kisiguswe. Ndiyo kazi iliyomaliza miezi yake ya mwisho. Sasa ratiba inasema basi la Njia ya Tisa hufika langoni saa mbili na robo, na kazi huanza saa mbili na nusu kwa wote. Abiria kadhaa wamelalamika kwamba ile ya zamani angalau ilikuwa inatia moyo.

Mzee wetu, ahsante kwa ahadi zote, na zaidi kwa kuzingoja pamoja nasi. Uwe na afya njema, na asubuhi zisizo na foleni.

Hafla ni Ijumaa saa nane mchana, ukumbi wa chini. Mstaafu atakuja kwa basi, mkewe kwa gari. Chakula kitaanza mmoja wao akifika.

Kuhusu kile kiti: jana mstaafu alikata pasi ya basi ya mwezi ujao.