Begi Lililofika Kambini na Vitunguu

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemezwa kwenye ukuta wa kinyozi, na mguu wake mmoja ni tofali. Upande huu yuko Mama Birika na jiko lake la kahawa. Upande ule yuko fundi viatu, ambaye watu wanamwita Uzi, na ambaye hagombanii nafasi na mtu kwa sababu ana kigoda chake. Asubuhi hiyo Uzi alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Kiongozi wa kwaya, mama mmoja, alikuwa ameahidi kupita kuona ushonaji wake, maana kwaya inasafiri na inataka mabegi, na Uzi hajawahi kupata kazi kubwa kama hiyo tangu ashike sindano. Begi la kuonyesha alikuwa nalo hapo miguuni, la turubai, kalishona mwenyewe. Bahati mbaya ni lile lile walilopanda nalo mlimani Jumamosi, yeye na watu wa benchi, likiwa limejaa chakula, na jioni walipolifungua kambini wakakuta vitunguu na chumvi tu.

— Mshono umeachia, akasema Wembe. Huyu ndiye kinyozi, na akikosa kichwa cha kunyoa hukaa benchini akanyoa watu kwa maneno.

— Mshono upi? Uzi akamsogezea begi. Tia mkono. Ukipata tundu, nakuvulia shati hili hapa hapa.

— Sasa hivi hulipati. Mshono wako unafunguka begi likiwa zito. Likiwa jepesi unajifunga wenyewe.

— Kwa hiyo begi linapumua.

— Sijasema mimi. Umesema wewe fundi.

Uzi akachungulia barabarani. Mama wa kwaya alikuwa bado.

— Jamani, leo nawaomba. Huyu mama akifika, habari ya begi tuiache kidogo.

Wakaitikia wote kwamba wataiacha, kisha wakaendelea nayo.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Uzi alibeba hema na sufuria, akatangulia. Begi la chakula wenzake watatu walipokezana: Wembe kutoka barabarani mpaka kijitoni, Dokta kutoka kijitoni mpaka msituni, na Tani akamalizia mpaka kambini. Ndani mlikuwa na mikate, karanga, biskuti, vitunguu, chumvi, na mayai aliyoyachemsha Mama Birika. Njia nzima Uzi hakutia kitu mdomoni isipokuwa maji. Alikuwa anaingojea jioni, akae na wenzake kando ya moto, amenye yai, achovye kwenye chumvi. Kwake safari ilikuwa hiyo, mlima ulikuwa njia tu ya kuifikia.

— Mshono msiuonee, akasema Dokta. Ni fundi redio, na jina kalipata kwa sababu hawezi kufungua redio kabla hajailaza sikioni. Tatizo ni hewa. Kule juu hewa nyepesi, kila kitu kinapungua. Hata redio ukiipandisha kule, sauti inakuwa ndogo.

— Mbona vitunguu havikupungua? akauliza Uzi.

— Kitunguu kina maganda mengi. Kinajikinga.

— Na yai halina ganda? akauliza Mama Birika.

Dokta akafikiri kidogo.

— Lina moja tu.

Tani, msukuma mkokoteni, ni mtu mkubwa na maneno yake machache. Alikunywa kahawa yake mpaka machicha, akafuta mdomo.

— Nyani, akasema.

— Nyani gani, Tani? akauliza Uzi. Begi lilikuwa mgongoni kwako.

— Ndiyo. Wale nyani wana mikono myepesi. Anafungua zipu, anatoa, anafunga.

— Anafunga zipu?

— Kwao wamelelewa vizuri.

Wembe akaona anaachwa nyuma, na Wembe hapendi kuachwa nyuma kwa uongo.

— Sikilizeni. Mgongo wa Tani una joto la jiko. Mayai yameanguliwa njiani. Vifaranga wamekuta mkate, wamekula. Wamekuta karanga, wamekula. Wakashiba, wakatoka.

— Mayai hayo nimeyachemsha mimi, akasema Mama Birika. Yalikuwa magumu kama goti.

— Labda hayakuiva.

— Na hao vifaranga wako walitokea wapi? akauliza Uzi.

— Kwenye mshono.

Mama wa kwaya alifika kwenye neno hilo. Alikuwa amesimama nyuma ya Mama Birika, mkoba begani, na hakuna aliyemwona akija.

— Ndilo begi hili lenye mshono wa kutoa vifaranga?

Uzi alitaka kusimama amkaribishe, lakini watatu wale walikwisha kumdaka yule mama, huyu na hewa, huyu na nyani, huyu na vifaranga, wote kwa pamoja. Yule mama akaketi penye nafasi, akalipakata begi. Akawa anawasikiliza huku akiuvuta mshono kwa vidole, upande mpaka upande. Walipopumzika kuvuta pumzi, akauliza.

— Sasa usiku huo, nani alilala na njaa?

Wembe akaanza kupuliza kahawa iliyopoa zamani. Dokta akaweka redio sikioni, nayo ilikuwa imezimwa. Tani akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili.

Uzi aliukumbuka usiku ule. Wenzake walisema uchovu umewatoa hamu ya kula. Yeye akachemsha maji, akatia kitunguu na chumvi, akanywa, akawaambia ameshiba ili asiwaharibie safari. Kisha akalala akilisikiliza tumbo lake, na pembeni wenzake wanakoroma kama watu waliotoka harusini. Aliwaonea fahari kwa uvumilivu wao. Sasa alielewa, na ilimuuma, ilimuuma kuliko ile njaa.

Akanyoosha mkono wake wa sindano.

— Mimi, akasema.

Hakuna mwingine aliyenyoosha.

— Lakini Uzi, akasema Tani taratibu, wewe si ulituambia umeshiba?

— Niliwaambia. Na nyinyi mkaniambia mshono umeachia.

Tani akaziangalia kandambili zake.

— Mimi nilijua yamebaki mengine, akasema Wembe, na hakuna aliyemuuliza ni mengine gani.

Mama wa kwaya akamrudishia Uzi begi lake.

— Nataka mshono huu huu, fundi. Njoo Jumatano uchukue vipimo. Ukifika, utakula kwanza.

Akaaga, akaenda zake. Mama Birika akainua birika, akajaza kikombe cha Uzi mpaka kahawa ikamwagikia kisahani. Wembe akanyoosha chake, Dokta chake, Tani chake.

— Imekwisha, akasema Mama Birika, akalirudisha birika juu ya jiko, nalo likaendelea kuchemka.